Mwana Akiamka na Kikohozi: Aende Skuli Ama Akae?

Ilikuwa asubuhi moja ya mwezi wa Februari 2021. Swala ya alfajiri ilikuwa imekwisha na chai ya tangawizi i jikoni, mjukuu wangu wa miaka 8 aliposhuka ngazi amevaa sare yake ya skuli, mkoba u mgongoni na kamasi zinamtoka. Alinipa sabalkheri, akapiga chafya mara mbili, kisha akakohoa. Nikamwekea kiganja kipajini. Joto alikuwa nalo, lakini si lile la kuunguza mkono. Lilikuwa joto la mtoto ambaye siku nyingine yoyote ungemfuta pua, ukampa kipande cha mkate wa kumimina, ukamwambia haya, kimbia usichelewe.

Mamake, ambaye ni binti yangu, alikuwa amekwisha jifunga buibui. Akaniambia, "Baba, haya ni mafua tu. Karibu mwaka mzima mtoto amekaa nyumbani, leo wana mtihani, nami nikichelewa dukani siku yangu hailipwi." Mama yangu mzazi, aliyekuwa akikaribia miaka 80, alikuwa ameketi juu ya mkeka na tasbihi yake. Naye akaongeza, "Mwacheni mtoto aende. Wewe mwenyewe nilikupeleka chuoni na mafua mara ngapi, na mbona u hai?"

Wote wawili wakanitazama, na mtoto naye akanitazama. Nikaona kuwa neno lililokuwa dogo maisha yangu yote, limekuwa zito siku hiyo kuliko nilivyoweza kulibeba kabla ya kunywa chai.

Msomaji huenda akauliza kwa nini nayaleta haya leo, ilhali Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kuwa ile hali ya dharura ya korona imekwisha. Nayaleta kwa sababu dharura ndiyo iliyokwisha, maradhi yenyewe yangaliko. Tena maradhi mengine hayakosi kubisha hodi. Mwezi wa Julai 2024 ugonjwa wa mpox ulionekana Taveta, njiani panapopita magari baina ya nchi na nchi. Swali lililonikuta mimi ngazini litamkuta mzazi mwingine kesho, na ni heri tulizungumze sasa, tukiwa tumetulia.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye, Jumapili ya tarehe 15, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kufungwa kwa skuli. Mwezi huo huo ikaja kafyu, na misikiti ikafungwa. Ramadhani ikatufikia mwezi wa Aprili, tukaswali tarawehe majumbani, baba mbele na wanawe nyuma. Tarehe 6 Mei serikali ikauzingira Mji wa Kale hapa Mombasa, pamoja na Eastleigh kule Nairobi, mtu asiingie wala asitoke. Zile siku 15 za kwanza zikaongezwa nyingine, na Idi ikatukuta mumo humo ndani. Wengi wetu tulikuwa hatujapata kuiona Idi ambayo jirani hampi jirani mkono.

Skuli zilifunguliwa kwa mafungu. Wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirudi tarehe 12 Oktoba 2020, na waliobaki wakarudi tarehe 4 Januari 2021. Kwa hivyo asubuhi ile mjukuu wangu hakuwa na hata miezi miwili tangu kurejea. Amri ya skuli ilikuwa wazi: kila mtoto avae barakoa, anawe mikono, apimwe joto langoni, na mwenye dalili za maradhi abaki kwao. Chanjo ilikuwa bado, kwani watu wa kwanza nchini walidungwa tarehe 5 Machi mwaka huo. Mzee kama mama yangu hakuwa na ngao yoyote ila dua na tahadhari.

Basi turudi kwenye neno la mama. Alisema kweli. Nilikwenda chuoni na mafua mara nyingi, na wenzangu vivyo hivyo. Tulikaa jamvini bega kwa bega, tukisoma kwa sauti ya juu, maana mwalimu akikaa kitako hapo mbele alitaka kumsikia kila mmoja. Tulinywa maji kwa kata moja kutoka mtungi mmoja. Aliyekohoa alikohoa, na jioni mama zetu walitufukiza, wakatupa asali na habasoda, na aliyezidiwa akaandikiwa kombe. Siku ya tatu tulikuwa tukicheza mpira.

Lakini mama alisahau jambo moja, nami sikumlaumu. Mafua yale ya zamani yalikuwa yakizunguka miaka na miaka, na miili ya wazee ilikwisha yazoea. Maradhi mapya ni mambo mengine. Huwa hayana mazoea na mwili wa mtu yeyote, na ndipo yanapoenea upesi na kuua wengi. Babu zetu waliyaona hayo katika homa kubwa ya mwaka 1918, ambayo iliingia Afrika Mashariki kwa vyombo vya baharini, bandari ya Mombasa ikiwa mojawapo ya milango yake, kisha ikapanda bara. Nayo pia kwa mtu wa kwanza ilianza kwa kukohoa na kutokwa na kamasi.

Tena korona ilikuwa na tabia yake ambayo ndiyo iliyolifanya swali hili kuwa gumu. Watoto wengi iliwapitia kwa wepesi: homa kidogo, kikohozi kidogo, pengine hata hicho kidogo kisionekane. Waliolemewa zaidi ni wazee, na wenye sukari, shinikizo la damu, na maradhi ya moyo au ya kifua. Nani katika mitaa yetu hana mzazi mwenye sukari au presha? Kwa hivyo mzazi aliyemtazama mwanawe tu, akaona anaweza kutembea, akaamua aende, alikuwa ametazama nusu ya jambo. Nusu nyingine ilikuwa haimo nyumbani mwake. Ilikuwa kwa yule bibi mkongwe wa mtaa wa pili, ambaye mjukuu wake huketi dawati moja na mwanawe.

Sisemi kwamba waliowapeleka watoto wao walikuwa watu wabaya. Jirani yetu mmoja, mama wa watoto watatu, hukaanga mahamri na viazi vya karai, na kuuza kwake ndiko kula kwao. Mwanawe mdogo alipoamka na homa wiki ile ile, alimpa dawa ya kushusha joto alfajiri ili akifika langoni kile kipimajoto kisimseme. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia binti yangu, bila ya kuficha, na machozi yanamlengalenga. Alisema, "Nikikaa naye, hao wawili watakula nini? Nikimwacha peke yake na jiko la mafuta ndani, nitarudi nikute nini?"

Jambo alilofanya lina madhara, na ni vyema tulieleze wazi, kwani wengi walilifanya. Dawa ile hushusha joto kwa saa chache tu, maradhi yenyewe haiyagusi. Kabla ya adhuhuri homa hurudi, na mtoto huwa amekwisha kaa saa nne au tano katikati ya wenzake, darasa limejaa na pengine madirisha yamefungwa. Kipimajoto kilidanganywa, lakini waliodhurika ni watoto waliokaa karibu naye. Hata hivyo mimi sikuweza kumnyooshea kidole mama yule. Makosa yake yalikuwa sehemu moja, na yetu sisi majirani, tuliojua hali yake tusimuulize, yalikuwa sehemu ya pili.

Katika siku zile palikuwa na hoja nyingine iliyosikika sana mabarazani, nayo ni ya kadari. Watu walisema: lililoandikwa litakuwa, kwa hivyo mpeleke mwanao umwachie Mola. Neno la kadari ni la kweli, na hakuna Mwislamu anayelikanusha. Lakini tuangalie waliotutangulia walilielewa vipi.

Sayyidna Omar bin Khattab, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alikuwa safarini kwenda Sham katika zama za ukhalifa wake. Alipofika pahali paitwapo Sargh, majemadari wake wakamjia na habari kuwa tauni imeingia huko mbele. Hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina akawataka shauri, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi. Baadhi walimwambia asonge mbele, wengine walimwambia arudi na watu wake. Akaamua kurudi. Abu Ubaida bin Jarrah akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mungu, naye Omar akamjibu kuwa anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshuka katika bonde lenye pande mbili, upande mmoja una malisho na mwingine ni mkavu. Popote atakapolisha atakuwa amelisha kwa kadari. Kisha akaja Abdulrahman bin Auf, akawapa hadithi aliyoisikia kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba penye tauni msiingie, na ikiwakuta pale mlipo msitoke kwa kuikimbia. Omar akamshukuru Mungu, akageuza safari.

Tuangalie pia mengine tuliyosomeshwa chuoni tangu utotoni. Mtume alikataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke wanyweshwe pamoja na wazima. Alimkataza aliyekula vitunguu au thomu asiukaribie msikiti, ili asiwaudhi wenziwe kwa harufu. Usiku wa mvua na baridi, mwadhini wake alinadi watu waswali majumbani. Ikiwa harufu ya thomu yatosha kumzuia mtu mzima msikitini, na ikiwa mvua ni udhuru, vipi kikohozi cha mtoto katika zama za maradhi kisiwe udhuru wa kukosa skuli siku tatu? Na kwa mzazi anayehofia mwanawe atapitwa, hadithi nyingine yatuambia kuwa mgonjwa huandikiwa amali aliyozoea kuifanya alipokuwa mzima. Mlango wa kheri haufungwi kwa sababu mtu kalala.

Hayo ndiyo yaliyonipitikia pale ngazini. Nikamwambia mjukuu wangu avue viatu.

Hapo ndipo nilipogundua kuwa kuamua kulikuwa nusu ya kazi. Mtoto akikaa nyumbani, atakaa na nani? Mamake yuko dukani. Mimi nina kazi yangu ya kalamu, na hiyo yaweza kufanywa popote. Lakini nyumba yetu, kama nyingi za mitaa hii, ina watu wa vizazi vinne chini ya dari moja, na aliye dhaifu kuliko wote ni mama yangu, ambaye ndiye aliyependa sana mtoto akae mapajani pake asimuliwe ngano. Nikaona nimewakinga wakongwe wa watu na kumweka hatarini wa kwangu.

Tukapanga hivi. Mtoto akapewa chumba cha juu chenye madirisha mawili, yakafunguliwa yote, maana wataalamu walikwisha eleza kuwa maradhi haya husafiri kwa pumzi na hupenda chumba kisichopitisha hewa. Akapewa kikombe chake, sahani yake na taulo yake. Mimi ndiye niliyempelekea chakula, nimevaa barakoa, nikinawa mikono niingiapo na nitokapo. Mama yangu akabaki chini, na ngano zikawa zinasimuliwa yeye yuko chini ya ngazi na mjukuu yuko juu, wakiitana kwa sauti kama wachuuzi sokoni. Mwanzo mama alinuna. Aliniambia, "Umenitenga na mwanangu kama mtu mwenye ukoma." Siku ya pili akaizoea, akaanza kucheka mwenyewe.

Jambo lingine tulilolifanya ni lile ambalo kila mzazi wa Pwani hapaswi kulisahau. Homa ya mtoto kwetu ina asili nyingi. Yaweza kuwa malaria, ambayo yaua upesi kuliko mafua. Yaweza kuwa dengi, au chikungunya iliyotusumbua hapa Mombasa mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018. Kusema ni korona tu, au ni mafua tu, bila ya kupima, ni kubahatisha. Mchana huo nilimpeleka mtoto katika zahanati akapimwa damu. Malaria haikuwamo. Mganga akanionya juu ya dalili za kumkimbiza hospitali bila ya kungoja: akihema upesi au mbavu zikibonyea apumuapo, akikataa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea au kulala usingizi usio wa kawaida, akipata degedege, au midomo ikigeuka rangi. Kinyume cha hayo, maji mengi, mapumziko na dawa ya homa kwa kipimo chake. Asali na tangawizi hazikukatazwa, wala kisomo hakikukatazwa. Dua na dawa hazijapata kugombana ila vinywani mwa wasiozijua.

Mganga aliniambia pia mtoto asirudi skuli kwa kuwa tu ameamka na nguvu. Angoje homa iondoke yenyewe siku nzima bila ya kusaidiwa na dawa, na kikohozi kiwe kinapungua, na zile siku zilizowekwa na wakubwa wa afya zitimie. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mjukuu wangu alilia siku ya tatu, alipowasikia wenzake wakipita uchochoroni kwenda skuli. Nikamwacha alie.

Skuli nayo ilikuwa na sehemu yake. Nilimpigia simu mwalimu wa darasa nikiogopa atamhesabia mtoto utoro. Alinishukuru, akampa mtoto wa jirani maandishi ya masomo ya siku ile, akaahidi kumtahini mtoto akirudi. Si skuli zote zilizokuwa hivyo. Ziko zilizomwadhibu aliyekosa na kumsifu asiyekosa hata siku moja, na mzazi akiona hivyo humtuma mwanawe hata akiwa hoi. Mwalimu anayetaka wagonjwa wabaki makwao, basi na kukaa kwao kusiwagharimu.

Na chuo je? Mwalimu wa chuo katika mtaa wetu ni mtu mzima sana, na wanafunzi wake hukaa karibu naye mno, kwani herufi husahihishwa kwa kutazamwa mdomo. Niliona haya kumwambia asipokee wenye vikohozi. Nilipomwendea, nikamkuta amekwisha hamishia jamvi uani chini ya mwarobaini, na amewagawa watoto kwa zamu. Akaniambia kuwa anayekohoa asome juzuu yake nyumbani, mamake amsikilize, naye atakapopona ataanzia pale alipoachia. Akasema Korani haitatoroka.

Ama yule jirani yetu wa mahamri, mke wangu na binti yangu walikwenda kwake jioni ile ile. Wakakubaliana kwamba mtoto wake akiwa mgonjwa, mmoja wetu atakaa uani pake, nje penye hewa, akimwangalia mpaka mamake arudi sokoni, na vile vile majirani wengine wawili wakaingia katika zamu hiyo. Haikuwa kazi kubwa. Ilikuwa saa chache kwa wiki kwa kila mmoja. Lakini tangu siku hiyo hakuhitaji tena kumpa mtoto dawa ya alfajiri kwa siri. Nikajifunza kuwa agizo la kumweka mgonjwa nyumbani ni rahisi kwa mwenye wa kumwachia, na kwa asiye naye ni kama kumwambia mtu avuke maji bila ya dau. Tukitaka watu watii, tuwape dau.

Mjukuu wangu alipona. Homa ilikwisha siku ya tatu, kikohozi kikamalizika baada ya wiki moja na siku mbili. Mama yangu hakuugua. Na sikupata kujua hata leo kama mtoto alikuwa na korona au alikuwa na mafua ya kawaida kama binti yangu alivyosema, maana kipimo cha korona hakufanyiwa. Binti yangu hunitania mpaka sasa kuwa nilimkosesha mtihani kwa ajili ya chafya mbili. Huenda ni kweli. Lakini mwenye kujikinga ndivyo alivyo: akifaulu haoni kitu alichokizuia, hubaki akiulizwa alihangaikia nini. Mzazi akubali kuchekwa kidogo, kwani kile asichokiona huenda ni maiti ya mzee wa mtu mwingine.

Usiku wa siku ile ya kwanza, mtoto amelala na madirisha yako wazi, nilikaa ngazini nikaandika beti hizi mbili. Namwachia nazo msomaji:

Mwanangu ameamuka, mafua yako puani,
Na joto limemfika, si kali sana mwilini,
Mkoba ameushika, ataka kwenda chuoni,
Nami nikamuitika: leo tulia nyumbani.

Kuna mkongwe yu kule, ana sukari mwilini,
Mjukuu wake yule, mwenzio wa darasani,
Tusimpe jambo lile, atakalotia ndani,
Kwa hivyo mwana ulale, leo tulia nyumbani.